Mjamzito na picha ya eksirei: hofu ipi ni ya kweli?



Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita walikuja kwangu mume na mkewe, wamenyamaza kama watu waliotoka msibani. Mke alikuwa ameanguka na pikipiki, akavunjika mfupa wa mguu chini ya goti na kupigwa picha ya eksirei. Wiki tatu baadaye akagundua kuwa ni mjamzito, na kwa hesabu ya siku zake, mimba ilikuwa imekwishaingia siku ile aliyopigwa picha. Jirani akawaambia mtoto atazaliwa kilema. Mtu mwingine akawauzia vidonge vya "kusafisha". Vidonge vilikuwa mfukoni mwa mume, havijaguswa. Walitaka jibu moja tu: wavitumie au wasivitumie?

Kabla ya kuwajibu niliuliza swali ambalo jirani hakuliuliza: ulipigwa picha ya sehemu gani ya mwili?

Swali hili ndilo msingi wa jambo lote. Eksirei, iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ni mionzi yenye nguvu ya kupenya mwilini. Ikipita kwa wingi huharibu chembe hai, nasi hatubishi hilo. Lakini mionzi haikai mwilini kama sumu iliyonywewa. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa inavyozimwa chumba kikawa giza. Na mashine huelekezwa mahali pamoja. Anayepigwa picha ya mguu, mkono, kichwa au kifua, mtoto aliye tumboni hupata kiasi kidogo sana kilichotawanyika.

Wataalamu hupima mionzi anayopata mtoto kwa kipimo kiitwacho miligrei. Picha ya kifua au ya mguu humfikishia mtoto chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja. Picha ya nyonga humfikishia kama miligrei 1, mara nyingine hadi 4. Madhara ya kuharibika kwa viungo au akili hayaonekani chini ya miligrei 100. Kwa hiyo yule mama wa mguu alikuwa mbali na mpaka wa hatari kwa zaidi ya mara 10,000. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ilikwishatamka mwaka 2000 kwamba chini ya miligrei 100, mionzi peke yake si sababu ya kutoa mimba.

Kuhusu hukumu ya kuiondoa nafsi ile, masheikh wetu ndio wenye kauli. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwaambia kuwa udhuru wa kitabibu waliodhani wanao, hawakuwa nao. Tena nikawaeleza, ili wasije wakanilaumu baadaye, kwamba watoto wapatao 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani hata kama mama hajawahi kuiona mashine ya eksirei. Hakuna tabibu awezaye kumpa mtu dhamana ya mtoto.

Msidhani hofu hii ni ya watu wasiosoma. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya leo, kililipuka na mionzi ikapeperushwa hadi nchi za mbali. Ugiriki ilifikiwa na kiasi kidogo tu, kisichofika hata kile ambacho binadamu hupata kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Hata hivyo uvumi ulienea, na baadhi ya madaktari wenyewe wakawashauri wanawake watoe mimba. Watafiti wa huko walikadiria mwaka 1987 kuwa mimba zipatazo 2,500 zilizokuwa zikitakiwa na wazazi wao zilitolewa. Mionzi haikuwaua watoto wale.

Hofu ina sura nyingine pia. Mjamzito anakohoa wiki tatu, anakonda, anatoka jasho usiku, na anakataa picha ya kifua "kwa ajili ya mtoto". Ikiwa ni kifua kikuu, ugonjwa huo una hatari kwake na kwa mtoto kuliko picha hiyo. Picha ya kifua inawezekana katika ujauzito pale tabibu anapoihitaji, na makohozi nayo yapimwe.

Sasa ni wapi mjamzito aogope kwa haki? Mashine ya siti skani ikipigwa tumboni au kwenye nyonga humpa mtoto mionzi mingi zaidi, wastani wa miligrei 8 kwa tumbo na 25 kwa nyonga, na mara chache zaidi ya hapo. Haiko juu ya mpaka, lakini haifanywi ovyo. Ulizeni kama ultrasaundi inaweza kutoa jibu, kwani ile hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi hii kabisa. Jambo zito hasa ni matibabu ya saratani kwa mionzi, na dawa ya madini joto yenye mionzi inayotumika kutibu tezi ya shingo. Hiyo ya tezi mjamzito hapewi, na anayenyonyesha huacha kunyonyesha kwanza. Hapo kuficha mimba ni kumdhuru mtoto.

Kwa hiyo dada yangu, ukifika mlango wa chumba cha eksirei, sema siku zako zilikuwa lini, hata kama hujaulizwa. Wapo wanaoona haya kulisema mbele ya mpiga picha mwanamume. Mwambie muuguzi wa kike, au mumeo aseme. Vua mkufu, pini za mtandio na hirizi yenye kibati (ya mwisho hii ina mazungumzo yake mengine), maana chuma huziba picha, ikabidi urudie na kupata mionzi mara mbili. Una haki ya kuomba vazi la kujisitiri. Na mtoto mdogo akihitaji kushikwa, ashike baba au mtu mwingine asiye mjamzito, akiwa amevaa aproni ya risasi.

Mume yule aliviacha vidonge mezani kwangu. Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, na siku mama yake alipomleta kwa chanjo ya kwanza, yeye mwenyewe alikuwa bado akichechemea kidogo.