Kabla Hujakwenda Kufundisha kwa Kujitolea Sudan Kusini

Mwalimu wa hisabati, sayansi au Kiingereza anahitajika sana katika shule za kanisa za Sudan Kusini. Nchi hiyo ilipopata uhuru Julai 2011 ilichukua Kiingereza kuwa lugha rasmi, ilhali walimu wake wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kiarabu. Vita vilivyozuka Desemba 2013 vikawatawanya hata wale wachache waliokuwapo. Ndiyo maana leo utawakuta huko walimu kutoka Kenya na Uganda.

Mjini Rumbek, masista wa Loreto walifungua shule ya sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 2008. Mlezi wa msichana hutia saini kwamba hatamwoza hadi amalize masomo, kwa kuwa ng'ombe wa mahari ni kishawishi kikubwa. Yambio nako kuna chuo cha ualimu kinachoendeshwa na Solidarity with South Sudan, muungano wa mashirika ya kitawa. Kama umefundisha miaka mingi, fikiria chuo kabla ya shule, maana walimu utakaowaandaa watabaki darasani hata ukisharudi kwenu.

Usiende kwa wiki sita. Darasa moja linaweza kuwa na binti wa miaka 14 na mwenzake wa miaka 20 na zaidi, kwa sababu vita na uchungaji wa mifugo viliwakatiza masomo kwa nyakati tofauti. Wengine walisomea kambi ya Kakuma nchini Kenya na watakuamkia kwa Kiswahili. Wengine Kiingereza wanakisikia darasani tu. Muhula wa kwanza wote utapita ukijifunza nani anajua nini. Kaa angalau mwaka mzima wa masomo, ikiwezekana miwili. Watoto hawa wameshaachwa na walimu wengi, na anayeondoka katikati ya silabasi anawaongezea hasara.

Hakikisha kwanza kwamba shule ipo na inatambulika. Pitia paroko au mchungaji wako, naye awasiliane na ofisi ya dayosisi ya huko au shirika linalomiliki shule. Anayekudai ada ya usajili kwa simu kabla hata ya mahojiano, achana naye. Shule makini itakuomba vyeti vya ualimu, barua ya kanisa, majina ya wadhamini na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kisha itakupa sera ya ulinzi wa mtoto uisome na kutia saini. Isipokuuliza lolote kuhusu usalama wa watoto, tia shaka.

Makubaliano yawe kwa maandishi. Nani analipa nauli ya kwenda na kurudi? Posho ni kiasi gani, na chumba na chakula vikoje? La kusisitiza kuliko yote ni bima, nayo ilipie pia kusafirishwa kwa ndege hadi Juba au Nairobi ukiugua sana. Malaria ni nyingi, na barabara nyingi za udongo hazipitiki majira ya mvua. Chanja homa ya manjano mapema na usafiri na kadi yake.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini hilo halikuondolei hitaji la kibali cha kazi. Kujitolea nako huhesabiwa kazi. Shule ianze kushughulikia kibali kabla hujakata tiketi. Kama umeajiriwa na serikali, omba ruhusa rasmi, usije ukahesabiwa mtoro kazini. Deni la mkopo wa masomo wa HESLB (Tanzania) au HELB (Kenya) nalo linaendelea kudaiwa, hivyo panga nani atalilipa.

Kuhusu hatari, familia yako ielezwe ukweli. Aprili 2021, askofu mteule wa Rumbek, Christian Carlassare, alipigwa risasi miguuni nyumbani kwake. Agosti mwaka huohuo masista wawili waliuawa barabara kuu ya Juba kwenda Nimule, katika shambulio la basi. Uliza shule ina utaratibu gani wa usalama, na ukiambiwa usisafiri leo, usisafiri, hata kama mwalimu mwenzako anasema njia ni shwari.

Shule itategemea ushiriki sala na ibada, na wanafunzi watakutazama jinsi unavyoishi. Lakini usiugeuze uhitaji wao kuwa nafasi ya kuwavuta kutoka dhehebu lao. Usimpe mwanafunzi mmoja fedha wala zawadi kwa siri. Anayehitaji msaada, mpitishe kwa mkuu wa shule. Mwenye dhamira njema naye hushukiwa, na mwenye nia mbaya hujificha humohumo.

Muhula mmoja kabla ya kuondoka, mjulishe mkuu wa shule tarehe yako. Muombe akupe mwalimu mwenyeji mfundishe pamoja kwa wiki kadhaa, kisha mkabidhi maazimio ya kazi, alama za wanafunzi na mitihani uliyotunga.