Takometa ya Motokaa: Jinsi ya Kutafuta Kosa Lake

Kila mtu wa Ngara na Biharamulo aijua barabara itokayo Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga. Malori ya Rwanda na Burundi hupita humo, na vilima vyake si vya mchezo. Dereva mzuri ateremkapo vilima hivyo hatazami kipimo cha mwendo peke yake. Hutupia jicho kipimo cha pili kilicho karibu nacho, kinachoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Kipimo hicho huitwa takometa, na mafundi wetu wengi hukiita RPM. Hilo ndilo somo letu la muhula huu.

Faida yake

Huenda msomaji akasema, "Motokaa yatembea hata bila takometa." Ni kweli, yatembea. Lakini tufikiri kidogo juu ya mteremko.

Injini ya dizeli ina gavana, yaani kifaa kinachopunguza mafuta injini inapozunguka kupita kiasi. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba haiwezi kuzidi kipimo chake. Katika mteremko sivyo. Huko si mafuta yanayoizungusha injini, bali ni magurudumu, maana uzito wa gari huyasukuma, nayo huizungusha injini kwa njia ya gia. Gavana haiwezi kuuzuia uzito. Dereva akiingiza gia ndogo mno huku gari likienda mbio, injini yaweza kuzunguka hata valvu zikagongana na pistoni. Naye akiogopa jambo hilo, akakanyaga breki tangu juu hadi chini, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Takometa humsaidia kupita katikati ya hatari hizo mbili. Kwa hiyo haifai kuiacha ikiwa mbovu, hasa katika gari lichukualo watu.

Habari hutoka wapi?

Hapana budi kwanza tujue takometa hupata wapi habari zake. Katika motokaa nyingi za petroli za zamani, habari hutoka kwenye koili inayoleta cheche za plagi. Injini ya silinda 4 hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko mmoja. Basi ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hutoa cheche 3,000, yaani cheche 50 kwa kila sekunde. Takometa huhesabu cheche hizo na kusogeza mshale.

Injini ya dizeli haina cheche. Baadhi yake zina kihisio kwenye pampu ya dizeli. Lakini katika Land Rover nyingi za dizeli, waya mmoja mwembamba hutoka kwenye alteneta, penye alama W, ukaenda moja kwa moja hadi takometa. Nitaeleza habari za waya huo, kwa kuwa motokaa za namna hiyo ni nyingi katika wilaya zetu.

Alteneta ni ndugu mdogo wa mitambo ya umeme ya Rusumo. Kule maji ya mto Kagera huzungusha mitambo ikatoa megawati 80 kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Hapa mkanda wa injini huzungusha puli ya alteneta. Kote kuwili umeme unaozaliwa ni umeme wa kwenda na kurudi. Tofauti yake ni kwamba umeme wa Rusumo hauna budi kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde siku zote, lakini ule wa alteneta huongezeka kasi kila injini inapoongezeka. Basi ukihesabu kwenda na kurudi kule, umeijua kasi ya injini.

Tufanye hesabu. Alteneta nyingi hutoa umeme wa kwenda na kurudi mara 6 kwa kila mzunguko wao. Tuseme puli zimepimwa hata alteneta huzunguka mara 2.5 injini izungukapo mara 1. Ukipima kwenye W ukapata mara 200 kwa sekunde, hiyo ni mara 12,000 kwa dakika. Gawanya kwa 6, alteneta yazunguka mara 2,000. Gawanya tena kwa 2.5, injini yazunguka mara 800. Hiyo ndiyo kasi ya injini iliyoachwa ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Mita nyingi za umeme zinazouzwa siku hizi, zenye alama ya Hz, zaweza kupima jambo hili.

Tazama kosa lilivyo kabla ya kufungua kitu

Fundi mwema huuliza maswali kabla ya kushika spana. Takometa ina njia nne za kuugua, na kila njia ina maana yake.

1. Vipimo vyote vya dashibodi vimekufa pamoja. Usiilaumu takometa. Tafuta fyuzi, au waya wa ethi wa dashibodi.

2. Mshale wa takometa umelala, na taa ya chaji inawaka. Kosa liko kwenye alteneta au mkanda wake. Alteneta isiyotoa umeme haina habari ya kupeleka.

3. Mshale umelala au unarukaruka, lakini betri yachajiwa vizuri. Yaelekea waya wa W umekatika au umelegea mahali fulani, au takometa yenyewe ni mbovu.

4. Mshale watembea vizuri, lakini wadanganya kwa kiasi kilekile siku zote. Waya ni mzima. Uliza kama alteneta imebadilishwa. Puli ya zamani ikiwa ya milimita 60 na mpya ya milimita 70, injini inayozunguka mara 2,100 itaonyeshwa 1,800 tu. Kosa hili ni baya kuliko mengine, maana dereva huamini kipimo kinachomwambia injini imetulia, kumbe imezidi.

Gari la mzazi mmoja

Muhula huu mzazi mmoja alituletea Land Rover yake ya dizeli ili wanafunzi wajifunze. Takometa yake ilikuwa ikirukaruka katika barabara mbaya, kisha ikalala kabisa. Fundi mmoja alikuwa amemwambia anunue dashibodi nzima, nayo bei yake ilikaribia fedha zote alizopata kwa kahawa ya msimu ule. Niliwaambia wanafunzi wasiguse kitu kabla ya kujibu swali: ni kosa la namna gani katika zile nne? Vipimo vingine vilikuwa vikifanya kazi. Taa ya chaji ilizimika kama ipasavyo. Basi walijibu wenyewe kwamba ni namna ya tatu.

Tuliweka mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi, injini ikinguruma. Kati ya W na bodi ya injini tulipata volti 7. Hicho ni kiasi chema, kwani katika gari la volti 12 yafaa pawepo volti kama 6 hadi 8. Alteneta ikaondolewa katika mashaka. Kisha tukapima nyuma ya takometa, waya ukiwa ungali umefungwa mahali pake. Sifuri. Basi umeme ulitoka nyumbani lakini haukufika shuleni.

Yafaa nieleze kwa nini waya usifunguliwe wakati wa kupima huku. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu waweza kuionyesha mita volti zote, kwa kuwa mita haivuti umeme mwingi. Takometa ikiwa imefungwa, udhaifu wa uzi huo hujitokeza zaidi.

Tulizima injini, tukatoa kichwa cha betri cha upande wa kutoa, tukafungua waya ncha zote mbili. Sasa tulipima omu. Waya mzima haukosi kuonyesha chini ya omu 1, lakini huu haukupitisha kitu. Mwanafunzi mmoja alishika mita, mwingine akaupinda waya polepole, kiganja kwa kiganja, kuanzia alteneta. Ulipofika mahali unapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, mita ikaanza kuruka. Mahali hapo injini hutikisika na bodi haitikisiki kama hiyo, kwa hiyo waya hupindwa kila siku. Plastiki ya nje ilikuwa nzima kabisa, na jicho lisingeona neno. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika.

Tulikata kipande kile, tukaunga waya mpya kwa risasi ya kulehemu, tukaacha ulegevu kidogo ili usivutwe tena. Mshale uliinuka. Hatukuishia hapo. Tulihesabu kasi kwa mita kwenye W kama nilivyoonyesha juu, nayo ikalingana na takometa. Mzazi alirudi na fedha zake za kahawa.

Kama volti 7 zingefika nyuma ya takometa, tungepima mambo mawili zaidi: kwamba takometa inapata volti 12 za betri ufunguo ukiwashwa, na kwamba kati ya ethi yake na upande wa kutoa wa betri hapana zaidi ya volti 0.2. Hayo yote yakiwa mema na mshale umelala, hapo tu ndipo ingefaa kusema takometa ni mbovu.

Maonyo

Weka mawe kwenye magurudumu, gia iwe huru, na gari liwe uwanjani, si ndani ya banda, kwa sababu ya moshi. Mikono ya shati na nyaya za mita ziwe mbali na feni na mkanda. Waya wa W usiguse bodi injini ikizunguka, maana waweza kuungua na kuiharibu alteneta. Motokaa za siku hizi zenye kompyuta zina njia nyingine. Hizo usizipime kwa kubahatisha bila kitabu chake.

Maswali

1. Mita inaonyesha mara 300 kwa sekunde kwenye W. Alteneta na puli ni kama zile za mfano wetu. Injini yazunguka mara ngapi kwa dakika?

2. Injini ya petroli ya silinda 6 hutoa cheche 3 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hutoa cheche ngapi kwa sekunde?

3. Alteneta ya zamani ilikuwa na puli ya milimita 64, na mpya ina ya milimita 56. Takometa yaonyesha 1,600. Kasi ya kweli ni ngapi, na je, dereva yu katika hatari kama yule wa namna ya nne? Eleza sababu.

Majibu yaletwe katika chumba cha fizikia kabla ya kufunga shule.