Kiwele cha mbuzi kisha kuzaa: kipi ni kawaida, kipi ni ugonjwa?

Katika vikundi vya wafugaji tunasikia mara nyingi ulizo hili: «Mbuzi yetu imezaa, kiwele kimevimba. Tufanye nini?» Tuangalie vizuri kwanza, maana kila uvimbe si ugonjwa.

1. Uvimbe wa kawaida. Mbuzi inabeba mimba siku 150 hivi. Karibu na kuzaa, homoni zinaamsha kiwele na maji yanakusanyika chini ya ngozi. Pande zote mbili zinavimba. Ukibonyeza, alama ya kidole inabaki. Lakini si moto, na mbuzi inakula. Kanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kamua mara kwa mara. Kisha siku chache inapungua.

2. Maziwa iko, lakini haishuki. Mwana akinyonya, ubongo wa mama unatuma homoni inayoitwa oksitosini. Ndiyo inasukuma maziwa. Woga, fimbo na kelele za imbwa vinaizuia. Mkamuaji awe mpole. Mwana anapashwa kunyonya maziwa ya kwanza, ile mazito ya manjano, mbele saa 6 zipite. Bila hiyo anakosa kinga, na akikufa, minerval ya mtoto wako imeenda naye.

3. Mimba ya uongo. Tumbo linakua, pengine na kiwele kinajaa, halafu siku moja maji mengi inatoka bila mwana. Homoni ya mimba ndiyo ilibaki mwilini. Tusimsingizie jirani uchawi. Kuna sindano, lakini ni ya veterinere peke yake: ikichomwa mbuzi yenye mimba ya kweli, mimba inatoka.

4. Ugonjwa wa kiwele. Upande mmoja ni moto, mgumu, unauma; maziwa ina mabonge, usaha ao damu nyingi; mbuzi inakataa kula. Ita veterinere siku ileile. Kiwele kikikuwa baridi na cheusi, mbuzi iko karibu kufa: usingoje kesho. Kamua mbuzi nzima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono na sabuni. Maziwa ya mgonjwa imwagwe mbali. Kama anapewa antibiotiki, tusinywe wala tusiuze maziwa yake mpaka siku alizosema veterinere ziishe.

Kazi ya kikundi: kwa juma la kwanza kisha kuzaa, asubui na mangaribi, tupapase pande zote mbili na kulinganisha. Joto, ugumu, maumivu: ukipata moja, usinyamaze.