Inama kwa Nyonga, Usiinamie Mgongo

Kwanza jua nyonga yako iko wapi. Wengi wakisema nyonga inauma hushika ule mfupa unaochomoza kando ya paja. Kiungo chenyewe hakiko hapo. Simama, weka vidole kwenye mkunjo wa kinena, kisha inua goti. Ndani kabisa ya mkunjo huo, kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama mpira, kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Ndiyo maana kiungo hiki kikiumwa, maumivu mara nyingi husikika kinenani. Yale ya nyuma, juu ya makalio, aghalabu hutoka mgongoni.

Mpira ndani ya kikombe huzunguka kila upande. Mbele, goti hupanda hadi nyuzi 120 hivi. Nyuma mguu haufiki mbali, nyuzi 10 hadi 20 tu, na hizo ndizo unazopoteza ukishinda umekaa.

Sasa jifunze kuinama. Ukishika moja tu hapa, shika hili. Chukua mti wa fagio, uuweke wima mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na mwisho wa uti wa mgongo. Legeza magoti kidogo. Sukuma makalio nyuma, kana kwamba unafunga mlango nayo, kifua kishuke chenyewe. Mti ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, umekunja mgongo. Rudia polepole mpaka utulie.

Kisha uache mti, ufanye hivyo hivyo kazini. Unaanika omena? Sukuma makalio nyuma. Unainua mtungi wa lita 20? Hizo ni kilo 20 za maji. Usogelee, uuweke katikati ya miguu, shuka kwa nyonga na magoti, inuka ukikaza makalio.

Wewe wa boda, ukisubiri abiria pale steji ya Kondele, hapa Kisumu, shuka kwenye pikipiki. Peleka mguu mmoja nyuma, kunja goti la mbele, kaza kalio la mguu wa nyuma. Utasikia mvuto mbele ya paja. Hesabu hadi 30, badilisha. Usibinue kiuno: ukibinua, mgongo ndio unaojinyoosha na nyonga inabaki vilevile.

Muuza mboga, stuli yako ni fupi mno ikiwa magoti yako yamepita nyonga. Kalia kreti iliyopinduliwa, tandika gunia juu yake. Simama kila unapohesabu chenji. Na mtoto unayembeba ubavuni, mhamishe upande wa pili, hata kama mkono huo haujazoea.

Nyonga ikiuma ukitembea, shika bakora kwa mkono wa upande usiouma. Wengi hufanya kinyume. Bakora ya upande wa pili hupunguza kazi ya misuli inayobana kiungo kinachouma.

Mtoto anayechechemea akisema ni goti, mwambie daktari aangalie na nyonga. Maumivu ya nyonga huteremka hadi gotini. Akiwa na homa juu yake, usingoje kesho. Mzee aliyeanguka akashindwa kukanyaga, naye apelekwe siku hiyo hiyo, bila kukandwa wala kuvutwa mguu. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, iko hapo hapo kwenye barabara ya Kakamega.

Huku kwetu ziwani kuna jambo la ziada: selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyosema. Ugonjwa huu ni wa kawaida hapa, na unaweza kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa ukikosa damu hufa, kisha hubonyea. Ukiwa na ugonjwa huu, nawe unaumwa kinena kwa wiki kadhaa, usimeze dawa ya maumivu ukanyamaza. Omba nyonga ipigwe picha. Eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi, kwa hiyo maumivu yakiendelea rudi, uulize kuhusu MRI.