Programu Moja, Maduka Tisa

Wenzetu wengi wa kompyuta wakishamaliza hufikiria kufungua kampuni ya watu watatu wanne, nyumbani au hapa hapa Durban. Mteja wa kwanza anataka programu ya mauzo ya duka, mnamwandikia. Wa pili anataka hiyo hiyo, ila risiti iwe tofauti. Mnanakili folda nzima, mnarekebisha. Hapo bado si kosa. Kosa ni kuendelea hivyo hadi mteja wa tisa.

Nilikuwa kibarua kwenye kampuni ya namna hiyo. Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba VAT itapanda kutoka asilimia 15 hadi 15.5 kuanzia Mei 1. Folda tisa, na katika kila moja ile 15 imetapakaa ndani ya hesabu! Tulikesha. Aprili 24 waziri wa fedha akaondoa pendekezo, ikabidi turudishe. Folda moja tukaisahau. Mei mosi duka likatoza kodi isiyokuwapo, na mteja akatuaga.

Dawa yake ni familia ya programu: kiini kimoja cha wote (stoo, mauzo, risiti), halafu pembeni yale yanayotofautiana, yaani kodi, sarafu, lugha, printa. Toyota pale Prospecton hufanya hivyo: Hilux na Fortuner, msingi mmoja, bodi mbalimbali. Akija mteja wa Nairobi, unajaza asilimia 16 na shilingi, basi. Kodi iandikwe pamoja na tarehe ya kuanza, maana bidhaa ya mwezi jana ikirudishwa inahitaji kiwango cha zamani.

Sasa, vitabu vingi vinataka uichore familia nzima kwanza. Nani atalipa kodi ya ofisi miezi yote hiyo? Salion ya Austin, Texas, iliyokuwa na watu kama 20 tu, ilitengeneza bidhaa kwanza, ndipo ikaigeuza familia. Nasi tufanye hivyo. Chukueni folda iliyo safi zaidi, iwe kiini. Mteja akiomba badiliko, mhamisheni yeye wakati huo huo. Asiyeomba kitu abaki kwenye folda yake kwanza.

Ila jamani, ndani ya kiini msiandike “kama mteja ni fulani, fanya hivi”. Andikeni sifa: “kama risiti ni ya lugha mbili”. Majina yakishaingia, mtakuwa mmezirudisha zile folda tisa, safari hii zote ndani ya faili moja.