MOYO WAKO UNA UMEME

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Utasikia kitu kinadunda. Huo ni moyo unasukuma damu. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo sana, nao hutengenezwa na moyo wenyewe.

Umeme huo hauwezi kuwasha hata balbu ya tochi. Huanzia sehemu ya juu ya moyo, kulia, kisha hushuka. Nyama inayopitiwa na umeme hujikunja na kusukuma damu.

Mwaka 1903 Willem Einthoven wa Uholanzi alieleza jinsi ya kuupima. Mgonjwa alitia mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa nini chumvi? Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Hata mwili wako una maji ya chumvi, ndiyo maana umeme wa moyo hufika mikononi. Chombo kile kilikuwa na uzito wa kilo 270! Siku hizi kipo cha kubeba mkononi.

Umewahi kupasua kuni? Shoka hupita kwa urahisi likifuata nyuzi za mti. Likikata nyuzi, hukwama. Nyama ya moyo pia ina nyuzi. Wataalamu huchoma sindano nne ndogo kwa mstari katika moyo wa mnyama. Mbili za pembeni hupitisha umeme, mbili za katikati hupima. Waliona kwamba umeme hupita vizuri zaidi ukifuata nyuzi.

Penye kovu umeme haupiti vizuri. Huzunguka kovu, na mara nyingine hurudi ulikotoka. Hapo moyo hupiga mbio ovyo, na mtu anaweza kufa ghafla. Kwa sababu hiyo wataalamu huchora moyo ndani ya kompyuta. Huugawa vipande vidogo sana, na kila kipande hupewa hesabu yake ya kupitisha umeme. Kovu hupewa hesabu ndogo. Kisha hutazama umeme utazunguka wapi. Vipimo vikiwa vibaya, kompyuta nayo itadanganya.

Njia ya umeme ikiziba, moyo hupiga polepole mno. Mtu huzimia ghafla, akaamka, akazimia tena. Nimesikia watu wakisema amerogwa. Sigombani nao, ila nawaomba wahesabu mapigo kwanza, kisha wamlete zahanati siku hiyohiyo.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yakiwa chini ya 50 na mtu ana kizunguzungu, usingoje.

Kazi ya nyumbani: tafuta saa yenye mshale wa sekunde. Hesabu mapigo ya watu watatu wa nyumbani kwako, dakika nzima kila mmoja. Yaandike katika daftari uje nayo darasani.