Somo la Afya ya Kinywa: Kumpunguzia Mtoto Maumivu Anapotibiwa Meno



Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mpya katika kazi hii ya kujitolea, nilimsindikiza mtoto wa jirani, mwenye miaka 7, kwenda kung'olewa jino. Njiani aliniuliza, "Kaka, itauma?" Nikamjibu, "Haitauma hata kidogo." Alipochomwa sindano alilia, akanitazama, na tangu siku ile hakuniamini tena. Jino la pili lilipooza alilificha mpaka shavu likavimba na jicho likaanza kufumba. Alipona, lakini baada ya kulazwa hospitalini. Uongo wangu mdogo ulimletea maumivu makubwa.

1. WAHI MAPEMA
Vituo vingi vya afya vya ngazi ya tatu havina mtaalamu wa meno. Kwa kawaida huduma hiyo huanzia ngazi ya nne na hospitalini, na kesi ngumu za West Nile hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Arua. Kwa hiyo wengi wetu, tulioko Lobule, Imvepi au Rhino Camp, hungoja mpaka mtoto halali usiku. Tusingoje. Penye usaha mwingi dawa ya ganzi haishiki vizuri, na mtoto huumia zaidi. Homa, uvimbe wa uso au shingo, na kushindwa kufungua mdomo au kumeza ni dalili za hatari: nenda siku hiyo hiyo.

2. KABLA YA MATIBABU
• Mwambie mtoto kweli kwa maneno madogo: "Utasikia kama umeng'atwa na siafu, kisha mdomo utakufa ganzi."
• Usimtishe kwa sindano nyumbani anapokosea. Ukimfanya daktari kuwa adhabu, atamkimbia siku anapomhitaji.
• Mweleze daktari uzito wa mtoto, magonjwa yake, na dawa alizokunywa. Kama ulimpa panadoli asubuhi kwa ajili ya homa, sema.

3. WAKATI WA MATIBABU
Mtaalamu akishachoma ganzi, husubiri dakika chache na kupima kama imeshika. Mtoto atasikia kusukumwa na kuvutwa, lakini hapaswi kusikia uchungu mkali. Mkubaliane ishara: akiinua mkono, kazi isimame. Mara nyingi mtoto anajua Kikakwa, Kilingala au Kiarabu cha Juba tu, na mtaalamu hajui lugha hiyo. Mzazi, kaa karibu utafsiri, au mwombe mhudumu wa kujitolea aje nawe. Mtoto akisema bado anaumia, tumwamini. Ganzi inaweza kuongezwa kwa kipimo cha uzito wake. Kumkandamiza kwa nguvu si dawa ya maumivu.

4. MKIRUDI NYUMBANI
• Aume pamba dakika 20 hadi 30. Siku ya kwanza asisukutue wala kutematema mate, ili damu igande. Kesho yake asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo.
• Ganzi hukaa saa 2 hadi 3. Mwangalie asitafune mdomo wake, na asile mpaka iishe. Kisha mpe uji uliopoa.
• Mpe parasetamoli kabla ganzi haijaisha kabisa. Mtoto wa kilo 20 hutosha nusu kidonge cha miligramu 500. Rudia baada ya saa 6 akiumia, isizidi mara 4 kwa siku moja, mchana na usiku. Soma chupa za dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake.
• Usimpe aspirini mtoto wa chini ya miaka 16, wala usiiweke kwenye ufizi, inaunguza nyama.
• Damu isipokoma, au maumivu yakizidi baada ya siku 2 au 3, rudini.

5. "MENO YA PLASTIKI"
Mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, wapo wanaoona uvimbe mweupe kwenye ufizi na kuukata kwa wembe au kuuchimba kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi. Waganda huuita ebiino, Watanzania meno ya plastiki. Uvimbe ule si ugonjwa. Ni jino la utoto la chonge, ambalo hutoka kwenye miezi 16 hadi 20. Kulichimba huleta damu nyingi, pepopunda na hata kifo, na kunaweza kuharibu jino la ukubwani. Kichanga husikia uchungu kama wewe; hana maneno tu. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya ORS, vidonge vya zinki na ziwa la mama; mwenye homa apimwe malaria.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini tusimwambie mtoto "haitauma"?
2. Parasetamoli itolewe wakati gani, na mara ngapi kwa siku?
3. Jirani akitaka kumpeleka kichanga kuchimbwa ufizi, utamwambia nini?

Yule mtoto sasa hunisalimia tena. Ilinibidi kumwomba msamaha kwanza.